Uchaguzi wa Masomo ya Kidato cha Tatu Ni Kazi ya Kata Nzima

Katika shule za sekondari za Tanzania Bara, uamuzi wenye matokeo ya muda mrefu kuliko yote hufanywa na mwanafunzi mwishoni mwa kidato cha pili, wakati wengi wana umri wa miaka 15 au 16, na katika shule nyingi hufanywa kwa haraka, bila mkutano wa wazazi na bila maelezo ya kina kuhusu kile ambacho kila somo humfungulia au kumfungia anayelichagua. Kwa utaratibu uliozoeleka, fizikia na kemia husomwa na wanafunzi wote katika miaka miwili ya mwanzo, kisha kuanzia kidato cha tatu mwanafunzi huruhusiwa kuziacha na kuendelea na masomo ya sanaa au ya biashara. Mgawanyo huo huitwa mchepuo, yaani mwelekeo wa masomo ambao mwanafunzi huufuata hadi mtihani wa taifa wa kidato cha nne unaosimamiwa na Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA). Kuacha somo ni jambo la siku moja. Kulirudia baadaye, hasa somo lenye mtihani wa vitendo unaohitaji maabara, humgharimu kijana miaka na fedha ambazo familia nyingi hazina. Wito huu unaelekezwa kwa wazazi, walezi, wahitimu wa shule za kata, wataalamu na mafundi wa kila kata, ili waufanye uamuzi huo kuwa jambo lao na waache kuwaachia mtoto na mwalimu wa taaluma peke yao.

Mfano ulio wazi ni wa fani za afya, ambazo vijana wengi wa vijijini huzitamani kwa sababu muuguzi na tabibu wa zahanati ni miongoni mwa wataalamu wachache wanaowaona kila wiki. Stashahada ya uuguzi na ukunga, sawa na ile ya utabibu, hutolewa na vyuo vya kati, yaani vyuo vilivyo chini ya ngazi ya chuo kikuu vinavyosimamiwa na Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi (NACTVET), na mwombaji hutakiwa awe amefaulu kemia, baiolojia na fizikia katika mtihani wa kidato cha nne. Msichana aliyeiacha fizikia kwa sababu aliambiwa ni somo la wavulana, akabaki na baiolojia akiamini kuwa inatosha kumfikisha wodini, huligundua pengo hilo siku anapojaza maombi ya chuo, na siku hiyo hakuna mwalimu wala mzazi anayeweza kumrekebishia. Kilichomkwamisha ni ukosefu wa taarifa, na taarifa hiyo alikuwa nayo muuguzi anayeishi umbali wa dakika chache kutoka shuleni kwake, ambaye hakuna aliyewahi kumwomba aje kuisema.

Hisabati ina msiba wake. Ni somo la lazima hadi kidato cha nne, hivyo hakuna anayeliacha katika karatasi, lakini wengi huliacha moyoni mapema sana: katika mtihani wa mwaka 2023 takriban mtahiniwa mmoja tu kati ya wanne ndiye aliyelifaulu. Ndiyo maana milango ya uhandisi, takwimu, uchumi na upimaji ardhi huanza kufungwa kabla kijana hajajua kuwa fani hizo zipo, na hakuna ratiba ya shule inayoonyesha siku ilipofungwa.

Anayeendelea na kidato cha tano hukutana na uchaguzi wa pili, wa tahasusi, yaani fungu la masomo matatu yanayosomwa kwa kina kwa miaka miwili, kama vile PCB, ambayo ni fizikia, kemia na baiolojia, au HKL, ambayo ni historia, Kiswahili na Kiingereza. Kwa miaka mingi tahasusi zilikuwa chache na zilifahamika hata kwa wazazi ambao hawakufika sekondari. Machi 2024 Serikali ilitangaza kuziongeza kutoka 16 hadi 65, zikiwamo za michezo, sanaa, lugha na kompyuta. Upanuzi huo unastahili pongezi, kwa kuwa mwenye kipaji cha muziki au cha kuandika programu za kompyuta hakuwa na mahali pake katika utaratibu wa zamani. Hata hivyo, machaguo mengi yasiyoelezwa humchanganya kijana kuliko machaguo machache anayoyaelewa, na mwanafunzi wa shule ambayo haijawahi kuwa na kompyuta hawezi kuipima tahasusi ya kompyuta kwa kusoma herufi zake tu.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, nayo imeleta mgawanyo unaoanzia chini zaidi, kati ya mkondo wa elimu ya jumla na mkondo wa amali, ambao wanafunzi wake husoma baadhi ya masomo ya jumla pamoja na fani ya kazi kama umeme, useremala, ushonaji au kilimo. Wazo hili si geni nchini. Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa na Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1967, ilidai shule inayomwandaa mtoto kwa kazi za jamii yake, na shule za ufundi kama Ifunda, Moshi na Tanga zilitoa vijana waliojua kushika zana na kusoma michoro. Kilichodhoofika baadaye ni heshima, kwani jamii ilizoea kuuona ufundi kuwa kimbilio la aliyefeli. Mtazamo huo ni wa uongo na unadhuru. Umeme umefika katika vijiji vingi, na kufunga nyaya majumbani ni kazi inayohitaji leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, ambayo huitoa kwa kuangalia mafunzo ya mwombaji. Kwa hiyo kijana anayetaka kuwa fundi umeme anahitaji hesabu na fizikia, na mzazi anayemwambia kwamba ufundi hauhitaji masomo anampoteza sawasawa na yule anayemlazimisha awe daktari.

Shuleni, kazi ya kumwelekeza mwanafunzi hupewa mwalimu wa ushauri nasaha, ambaye kwa kawaida ni mwalimu wa darasani aliyeongezewa jukumu hilo juu ya vipindi vyake, bila muda wa kukaa na mwanafunzi mmojammoja. Si haki kumlaumu. Hawezi kujua sifa za kujiunga na kila chuo, wala siku ya kazi ya mpima ardhi au ya mhasibu wa chama cha ushirika inavyokwenda. Tena, mahali ambapo shule haina mwalimu wa fizikia, mchepuo wa sayansi umekwisha kufutwa kabla mwanafunzi hajaulizwa anapenda nini, na kuuita huo uchaguzi ni kujidanganya. Nyumbani nako kijana husikia majina manne au matano ya kazi, ambayo ni daktari, mwanasheria, rubani, mhandisi na mwanajeshi, na huambiwa kuwa masomo ya sanaa ni ya walioshindwa, kana kwamba walimu, wanahabari, wakalimani, maofisa ustawi wa jamii na waandishi walifika walipo kwa bahati mbaya.

Shule hizi nyingi zilijengwa na wananchi wenyewe. Wakati wa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES), ulioanza mwaka 2004, wananchi walisomba mawe, mchanga na maji, wakafyatua matofali na kuchanga fedha ili kila kata iwe na sekondari yake, na miaka michache baadaye waliitwa tena kujenga maabara za fizikia, kemia na baiolojia. Januari 2016 ada iliondolewa hadi kidato cha nne, hatua iliyowaingiza shuleni watoto wengi ambao wangebaki nje, lakini kwa baadhi ya wazazi kuondolewa kwa ada kulieleweka kuwa mwisho wa wajibu wao. Walioweza kusimamisha kuta hizo bila mkandarasi wanaweza kuwaeleza watoto walio ndani yake namna ya kuzitumia, na kazi hiyo haidai mchango wa fedha.

Kinachoombwa ni kwamba kila bodi ya shule, ikishirikiana na mtendaji wa kata na diwani, iitishe mkutano wa uchaguzi wa masomo katika muhula wa pili, kabla ya upimaji wa kitaifa wa kidato cha pili, na kwamba watakaozungumza wawe watu wa kata hiyohiyo: muuguzi wa zahanati, ofisa ugani, fundi wa mradi wa maji, mhasibu wa chama cha ushirika (AMCOS), fundi cherehani mwenye wanagenzi, mwalimu mstaafu, dereva wa mitambo, mwenye studio ya picha. Kila mmoja aeleze alisoma masomo gani, alisoma wapi na kwa muda gani, alikwamia wapi, na kipato cha kazi yake kinatosha au hakitoshi. Ukweli kuhusu kipato ni wa lazima, kwa sababu kijana aliyepambiwa kazi atavunjika moyo akiikuta, ilhali aliyeambiwa ugumu wake mapema hujiandaa. Wazazi wahudhurie pamoja na watoto wao, kwa kuwa mabishano ya nyumbani kuhusu mchepuo hupungua pale pande zote mbili zinapokuwa zimesikia maneno yaleyale.

Wahitimu wa shule hizo wanaoishi mijini wana sehemu yao. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) na NACTVET hutoa kila mwaka miongozo yenye sifa za kujiunga na kila programu ya masomo, na miongozo hiyo hupatikana kwenye intaneti, ambayo wanafunzi wengi wa bweni na wa vijijini hawaifikii. Mhitimu mmoja akichapisha kurasa zinazohusu fani za kawaida, akazitafsiri kwa Kiswahili chepesi na kuzituma zibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa shule yake ya zamani, atakuwa ametoa msaada unaozidi hotuba nyingi za mahafali. Walio vyuoni nao, wanaporudi likizo, wakae na kidato cha pili angalau alasiri moja.

Mafundi wafungue karakana zao kwa wanafunzi wakati wa likizo za Juni na Desemba, ili kijana aone kazi kabla ya kuichagua. Katika hili pana mpaka usiovukwa: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, inamruhusu aliyefikisha umri huo kufanya kazi nyepesi pekee, na inamkinga kila aliye chini ya miaka 18 na kazi za hatari, kwa hiyo mwanafunzi huenda pale kutazama, kuuliza na kujaribu chini ya uangalizi, wala hageuzwi kibarua wa bure. Na pale ambapo walimu wa sayansi na hisabati hawapo, bodi za shule jirani zikubaliane kumgawana mwalimu aliyepo, huku wazazi wakiendelea kumdai mkurugenzi wa halmashauri, kwa barua na kwa mihutasari ya vikao, awapeleke walimu wanaokosekana.

Wapo watakaosema kuwa kijana wa miaka 15 ni mdogo mno kujua atakuwa nani, na wana haki ya kusema hivyo. Lengo la mikutano hii si kumfunga kwenye kazi moja. Ni kumsaidia asifunge milango ambayo bado hajaifahamu, na kwa sehemu kubwa hiyo humaanisha kuendelea na hisabati kwa bidii, kutoacha somo la sayansi kwa sababu ya uvumi, na kuchagua sanaa, biashara au amali kwa sababu inayoelezeka, si kwa sababu marafiki wamechagua hivyo.

Muda uliobaki si mrefu. Mwaka 2027 darasa la saba la mtaala wa zamani na darasa la sita la mtaala mpya yanatarajiwa kumaliza elimu ya msingi kwa pamoja, na Januari 2028 shule za sekondari zitapokea idadi ya wanafunzi ambayo walimu wa ushauri waliopo hawataimudu. Kata ambazo zitakuwa zimezoea kukutana kabla ya hapo zitawapokea watoto hao zikiwa tayari. Bodi za shule zipange tarehe ya mkutano wa kwanza katika muhula huu, orodha ya wazungumzaji ifunguliwe katika ofisi ya mtendaji wa kata, na kila mwenye fani, mwenye cheti na asiye nacho, aende akaandikishe jina lake.