Usiulize Sifa Zake, Omba Namba

Vijana wenzetu wa Kibera na Kawangware, hii inawahusu.

Chama kimeweka akiba miaka kadhaa. Anatokea mtu na ploti ya kuuza, anataka amana leo leo kabla "mteja mwingine" hajaichukua. Tunaulizana: ni mtu mzuri? Jibu linakuja haraka. Anaswali safu ya kwanza, babake tunamjua, kwa harambee hakosi. Pesa inatumwa.

Lakini sifa hazisemi kama ploti iko rehani benki, au kama kuna watu wako kortini wanamdai ploti hiyo hiyo. Rekodi zinasema. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Tatizo ni moja: rekodi nyingi hazifunguki kwa jina la mtu, zinafunguka kwa namba.

Ardhi: omba namba ya hati. Hapa Nairobi sachi hufanywa kupitia Ardhisasa, mfumo uliozinduliwa Aprili 2021. Sachi inaonyesha mwenye ardhi, rehani ya benki kama ipo, na zuio kama kuna mwingine anayedai haki. Ifanyeni wenyewe. Karatasi aliyokuja nayo muuzaji si sachi yenu.

Na mjue mtaa wenu. Kawangware ploti nyingi zina hati za watu binafsi. Kibera sehemu kubwa ni ardhi ya serikali, na zile ekari 288 zilizopewa hati mwaka 2017 ni za jamii ya Wanubi kwa pamoja, si za mtu mmoja kuuza. Barua ya chifu si hati. Anayekuuzia nyumba kwa barua hiyo anakuuzia mabati na mbao, hakuuzii udongo.

Gari au boda: omba namba ya usajili, uangalie rekodi za NTSA. Ukikuta jina la mkopeshaji kando ya jina la muuzaji, deni bado liko. Tangu sheria ya 2017 kuna pia rejista ya mali inayohamishika iliyowekwa dhamana, kuanzia magari hadi mashine.

Kampuni: kupitia eCitizen, lipia CR12. Utaona wakurugenzi na wenye hisa. Kama anayejiita "bosi" hayumo, muulize anauza kwa niaba ya nani.

Kesi: hapa jina linatosha. Tovuti ya Kenya Law ina hukumu nyingi na ni bure. Jaribu kila tahajia: Mohamed, Mohammed, Muhammad. Kisha soma hukumu mpaka mwisho, maana kushtakiwa si kushindwa. Na ukikosa jina lake usishangilie bado, kwa sababu si kila kesi ya mahakama za chini hufika pale.

Kuna pia Gazeti Rasmi la Serikali, ambalo hutoka kila Ijumaa. Ndani yake hutangazwa maombi ya mirathi, na wenye pingamizi hupewa siku 30. Dada anayejua kusoma tangazo hilo hatashtukia nyumba ya marehemu baba imeshaandikwa jina la kaka mmoja.

Sasa mipaka. Tunachunguza kwa sababu tunataka kufanya biashara na mtu, si kwa sababu tunataka umbea. Deni la mtu si habari ya kurusha WhatsApp, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inalinda habari zake binafsi. Ukigundua tatizo, peleka kwa wanachama wanaohusika, muulize mwenyewe, mkatae biashara mkilazimika. Basi.

Wengine watasema kuomba namba ni kumvunjia mtu heshima. Sisi tunasema kinyume. Muuzaji mkweli anaitoa namba bila wasiwasi, kwa sababu rekodi inamtetea. Anayekasirika kuulizwa ameshawajibu.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hivyo mkutano ujao, kila chama kiandike kanuni moja kwenye kumbukumbu zake: hakuna shilingi inayotoka kabla sachi haijasomwa mbele ya wanachama wote.