AMRI YA DAKTARI NAYO NI AMRI

Askari hufunzwa kuvumilia. Huvumilia jua, mvua, njaa na usingizi bila ya kunung'unika, na kwa sifa hiyo twampongeza. Lakini yapo maradhi ambayo uvumilivu huyalea badala ya kuyaponya. Mojawapo ni sinusaitisi sugu, yaani uvimbe wa vyumba vya hewa vilivyomo katika mifupa ya uso.

Pua huziba, makamasi mazito huteremka kooni, uso huuma, na harufu hupotea. Hali hiyo ikifikia majuma 12, si mafua tena. Na mlinzi asiyesikia harufu ya moshi wala ya petroli amepungukiwa silaha.

Ieleweke kwamba kisu si dawa ya kwanza. Mgonjwa huanza kwa kuosha pua kwa maji ya chumvi, yaliyochemshwa yakapoa, na kwa dawa ya kupuliza puani. Hayo yasipofaa, ndipo hupigwa picha ya kompyuta na kushauriwa upasuaji. Zamani, kwa njia ya Caldwell wa New York (1893) na Luc wa Paris (1897), daktari alipasua juu ya ufizi na kutoboa mfupa wa shavu. Kutokana na kazi ya Messerklinger wa Graz, Austria, katika miaka ya 1970, siku hizi darubini nyembamba hupitishwa puani, na njia zilizoziba zikafunguliwa. Wengi huruhusiwa kwenda nyumbani siku ile ile au ya pili yake.

Hapa ndipo ilipo hoja yetu. Askari huyo hurudi kambini bila ya kovu usoni. Wenzake humdhania mzima, na mkuu wake humpanga lindo au kwata. Hilo ni kosa, kwani ndani mna kidonda kibichi. Kwa juma moja au mawili haimpasi kupenga kamasi, kubeba mizigo wala kukimbia. Akipiga chafya, aache mdomo wazi. Alale kichwa kikiwa juu, aoshe pua kama alivyoelekezwa, na ajiepushe na sigara, vumbi la malori na moshi wa mabomu ya machozi. Asipande ndege mpaka aruhusiwe. Damu isipokoma, macho yakivimba au yakififia, shingo ikikakamaa, au maji maangavu yakidondoka puani, arejeshwe hospitali mara moja.

Nao waliopasuliwa wasijidanganye. Nyama za puani huweza kuota tena, hivyo dawa isiachwe kwa sababu tu pumzi imefunguka.

Twawaomba wakuu wa vikosi wakiheshimu cheti cha mapumziko kama waiheshimuvyo hati iliyotoka makao makuu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Na katika jambo hili mkuu ni daktari. Siku kumi na nne za mapumziko si hasara kwa kikosi. Hasara ni askari kupasuliwa mara ya pili kwa kuharakishwa.