Usawa wa Ukutani

Ukipita mbele ya shule ya serikali nchini Ufaransa utaiona bendera yao, na ukutani maneno matatu: Uhuru, Usawa, Udugu. Tangu 2013 ni sheria maneno hayo yawepo. Kwenye majengo ya zamani utakuta pia yamechongwa katika jiwe: mlango huu wa wavulana, ule wa wasichana, ingawa siku hizi wote huingia pamoja. Leo nataka tusimame kidogo chini ya lile neno la katikati.

Usione vyaelea, vimeundwa. Waziri Jules Ferry alifuta karo ya shule za msingi mwaka 1881, na mwaka uliofuata masomo yakawa ya lazima, mafundisho ya dini yakatolewa darasani. Tangu 2019 mtoto hulazimika kusoma kuanzia miaka 3 hadi 16. Chekechea ni miaka mitatu, msingi mitano, sekondari ya chini, wanayoiita kolezhi, minne, na ya juu, lise, mitatu. Sekondari huhesabu kinyumenyume: mtoto huanza la sita, akapanda la tano, la nne, la tatu, hata akafika la kwanza na kisha la mwisho. Mzazi mgeni akiambiwa mwanawe katoka la sita kaingia la tano hushtuka, akadhani karudishwa nyuma!

Kilele cha masomo hayo ni mtihani wa bakaloria, alioanzisha Napoleon mwaka 1808. Mwaka 1809 waliofaulu walikuwa 31 tu. Leo katika kila watahiniwa 100 hufaulu zaidi ya 90. Kila Juni vijana huketi saa nne nzima wakiandika insha ya falsafa. Nalistahi taifa linalomtaka kijana afikiri saa nne bila kunyanyuka. Lakini angalia: walio katika mkondo wa ufundi stadi hawana mtihani huo wa falsafa. Na katika mkondo huo, watoto wa vibarua ni wengi kuliko wa mawakili.

Kasoro yaanzia wapi? Mimi naiona kwenye ugawaji wa walimu. Mwalimu wa sekondari huko ni mtumishi wa taifa zima, hupangiwa kituo kwa pointi, na pointi huja kwa miaka ya kazi na hali ya familia. Asiye na pointi, yaani kijana aliyeajiriwa jana, aghalabu hupelekwa Créteil au Versailles, kanda mbili zinazoizunguka Paris. Ndani ya Créteil imo Seine-Saint-Denis, wilaya iliyo maskini kuliko zote za Ufaransa ya bara. Huko kijana yule hujifunzia kazi kwa watoto wa watu, na pointi zikishatimia, huyoo, kwao! Anakuja mwingine mchanga. Hakuna aliyekusudia ubaya, kwa maana ni haki mtumishi wa siku nyingi achague kituo. Ila mtoto wa fukara ndiye anayeilipia haki hiyo. Siku nyingine hata huyo mchanga hapatikani: mwaka 2022 wakuu wa Versailles waliajiri walimu wa muda kwa usaili wa nusu saa.

Wenye uwezo hawasubiri. Tangu sheria ya 1959 serikali huwalipa walimu wa shule binafsi zilizofunga mkataba nayo, nyingi zikiwa za Kikatoliki, na huko ndiko wanakokimbilia. Basi matokeo ya mtihani wa kimataifa wa PISA wa 2022 yasitushangaze: katika hisabati, watoto wa walionacho Ufaransa waliwapita wa wasionacho kwa pointi 113, ilhali wastani wa nchi za OECD ni 93.

Serikali haikulala, tuseme kweli. Kuanzia 2017 madarasa ya kwanza ya shule za msingi katika mitaa ya kimaskini yaligawanywa, mwalimu akabaki na watoto kama 12. Nalisifu jambo hilo. Lakini vuka bahari uje hapa kwa jirani zetu, Mayotte, mkoa kamili wa Ufaransa tangu 2011, ambako mtoto husema Kimaore, ndugu wa Kiswahili. Vyumba havitoshi, shule nyingi za msingi huingiza kundi moja asubuhi na jingine mchana. Bendera ni ileile, na maneno ukutani ni yaleyale.

Nanyi wazazi wetu mlio Ufaransa, msikae kando mkisema walimu ndio wajuao. Mwanao akiwa darasa la tatu la kolezhi utaletewa fomu ya kuchagua mkondo. Ijaze mwenyewe, na mwana akiwa ubavuni. Akipendekezewa ufundi naye anaupenda, mbarikie, kwani ufundi ni kazi ya heshima. Akisukumiwa asichokitaka, nenda ukaonane na mkuu wa shule, hata kwa Kifaransa cha kuvunjikavunjika. Mkuu akishikilia uamuzi wake, sheria inakupa haki ya kukata rufaa, na siku za kufanya hivyo ni chache.