Hoja Tano za Kuogopa Mabadiliko, na Majibu Yake

Bei zinapopanda, mvua zinapokosa majira na kazi zinapopungua, hoja tano husikika barazani, kwenye daladala na redioni. Nyingi kati yake hushauri jambo moja: tulia ulipo, usijaribu kitu. Naziheshimu, kwa sababu wengi wanaozitoa ni watu waliokwisha kuumia. Hata hivyo naamini zinatupotosha. Nitazijibu moja baada ya nyingine, na mashahidi wangu wakuu ni akina mama wanaolima mwani pwani ya mashariki ya Unguja, watu ambao hawajapata kuwa na uhakika wa kesho na bado wamebadilika mara kadhaa.

Hoja ya kwanza: "Usiache mbachao kwa msala upitao."

Yaani ulichonacho, hata kikiwa chakavu, kina uhakika kuliko kinachokuja. Hoja hii ingesimama kama tulivyo navyo vingekaa kama vilivyo. Havikai. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989, Paje na Jambiani, kwa mbegu zenye asili ya Ufilipino. Zilipandwa aina mbili, spinosum na cottonii. Cottonii ndiyo iliyolipa zaidi, na ndiyo iliyowashinda wakulima maji ya kina kifupi yalipozidi joto: ilipauka, ikaoza, ikakatika kwenye kamba. Aliyesema "mimi nabaki na hii hii" hakubaki na kitu. Yeye alisimama palepale. Bahari ndiyo iliyoondoka.

Wala si msiba wa zama zetu peke yake. Mwaka 1872 kimbunga kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa, na katika miaka iliyofuata ikawa ndiyo kisiwa cha karafuu mpaka leo. Wenye mashamba wa Unguja hawakuwa wazembe. Uhakika wao wote ulikuwa kwenye mti mmoja, na mti ukaanguka. Anayengoja hali itulie ndipo ajifunze kazi ya pili anajiwekea sharti ambalo dunia haikumwahidi.

Hoja ya pili: "Mwacha mila ni mtumwa."

Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote, na siichezei. Watu wasiojua walikotoka hupelekwa popote. Lakini tuitazame mila yenyewe tunayoitetea. Karafuu ilitoka visiwa vya Maluku, Indonesia, ikafika Zanzibar katika karne ya 19. Muhogo, ambao leo hatuwezi kuufikiria mfungo wa Ramadhani bila futari yake, ulitoka Amerika Kusini na kuletwa Afrika na Wareno. Kanga zilishika mwambao mwishoni mwa karne ya 19, zikichapwa India na Ulaya. Taarabu ya jumba la Sultani ilikuwa ya Kiarabu, hadi Siti binti Saad, mwanamke wa Fumba aliyekuwa akiuza vyungu, alipoiimba kwa Kiswahili na kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri. Wapo walioona mtu wa asili yake hastahili uwanja ule. Leo hakuna anayeweza kusimulia utamaduni wa Mswahili bila kumtaja.

Mila hizi ziliwahi kuwa ngeni. Wazee wetu walizipokea, wakazipima, wakazitia mkono wao. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa mwani pia. Kabla yake, akina mama wa pwani ya mashariki walifukia makumbi, wakasokota kamba za usumba na kusaka pweza maji yakipwa. Mwani ulipoingia, wapo waume waliokataza wake zao wasishinde majini kwa ajili ya fedha. Fedha ile ilinunua sare za shule, ikaezeka mabati, ikampa mama sauti katika mashauri ya nyumba. Heshima haikuvunjika, swala hazikuachwa, wakwe hawakutukanwa. Mila inayostahili kulindwa kwa nguvu zote ni utu na kujaliana. Nyingine ni njia tu za kupata riziki, na njia ikifunga hutafutwa nyingine.

Hoja ya tatu: "Samaki mkunje angali mbichi."

Wanaoshika hoja hii husema kwamba mabadiliko ni ya vijana, na mtu mzima amekwishakauka. Historia ya Tanzania inawakatalia. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wakati wa sensa ya 1967, kama theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma na kuandika. Kufikia mwaka 1986, kwa takwimu za serikali, idadi hiyo ilikuwa imeshuka chini ya asilimia 10. Mwaka 1973 kampeni ya redio ya "Mtu ni Afya" iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza na kujadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka mazalia ya mbu. Wengi wao walikuwa wazazi, na wengine babu na bibi. Walijifunza kwa kuwa walifundishwa kwa heshima, kwa lugha yao, juu ya jambo lililogusa maisha yao.

Hayohayo yameonekana Unguja. Cottonii ilipokataa maji ya kina kifupi, njia moja ilikuwa kuufuata ubaridi kwenye maji ya kina. Kikwazo ni kwamba wengi wa wakulima hawa hawakujua kuogelea, maana kwa desturi ya vijiji vingi maji ya kina na vyombo ni vya wanaume. Wapo waliojifunza wakiwa na watoto wakubwa, wakiwa wamevaa nguo zao za stara, mbele ya macho ya kijiji kizima. Jambiani baadhi ya akina mama wamehamia hata kwenye kilimo cha sponji za baharini. Mwanamke anayeingia majini kujifunza katika umri ule hahitaji hotuba yetu ya kumtia moyo. Anahitaji tuache kumwambia amechelewa.

Hoja ya nne: "Mabadiliko huwanufaisha wakubwa, mnyonge hubaki palepale."

Hapa nakubali nusu. Kwa miaka mingi wanunuzi wachache ndio waliopanga bei ya mwani. Mkulima aliyeinama juani saa kadhaa kila bamvua alilipwa shilingi mia chache kwa kilo ya mwani mkavu, huku kile kiini kinachotumika kugandisha vyakula, dawa za meno na vipodozi kikitengenezwa ng'ambo na kuuzwa ghali. Malalamiko yao ni ya haki.

Ila dawa ya dhuluma hiyo haikupatikana kwa kurudi kwenye makumbi. Tangu mwaka 2006 Dkt. Flower Msuya, mtafiti aliyefanya kazi katika Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, amekuwa akishirikiana na wakulima kutengeneza sabuni, mafuta na unga wa mwani hapohapo visiwani, pamoja na kujaribu namna za kulima kwenye maji ya kina. Kipande kimoja cha sabuni kinaweza kuuzwa kwa bei inayoizidi kilo nzima ya mwani mkavu. Mnyonge huachwa palepale pale anapoyapokea mabadiliko kama kibarua. Akijua bei, akijua kiwanda kinataka nini, akiwa na kikundi chenye sauti, anaingia sokoni kama mwenye mali.

Hoja ya tano: "Kila mtu apambane na hali yake."

Hoja hii hutolewa na wanaojiona wamekwisha kubadilika. Wao wana ujuzi mpya, basi anayekwama amejitakia. Siikubali hata chembe. Hakuna aliyejifunza kuogelea bila mtu wa kumshika, wala aliyeanza kutengeneza sabuni bila mtaji wa vikoba, ambako wanachama hununua hisa kila wiki, hukopeshana, na mzunguko ukiisha hugawana. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona uliposimamisha utalii, vijana wengi waliozoea mishahara ya hoteli waliegemea tena uvuvi na mashamba ya wazee wao. Hawakuokolewa na ujanja wao peke yao. Waliokolewa na jamaa waliokuwa bado wana ngalawa, mbegu na mlango wazi.

Kwa hiyo nawaomba mambo matatu. Viongozi, msiwahimize wananchi "wabadilike" kabla hamjawapelekea walimu, vyombo salama na bei ya haki. Wazee, mpeni baraka zenu kijana au mama anayejaribu kazi mpya, kama nyinyi mlivyopokea mengi yaliyokuwa mageni enzi zenu. Nawe msomaji, usingoje hali itulie. Chagua jambo moja utakalolilinda kwa gharama yoyote, chagua jingine utakalojifunza mwaka huu, na umshike mkono mwenzako mmoja mwende pamoja.