Valium si dawa ya mtu anayekosa pumzi

Ndugu wasikilizaji wa Kasongo na Kabambare, tuache kuuziana usingizi sokoni. Mtu mwenye ugonjwa wa mapafu wa muda mrefu, iwe ni pumu, au mapafu yaliyoharibiwa na moshi wa kuni ama na kifua kikuu cha zamani, akikosa usingizi anaelekezwa kwa mwuza dawa, anapewa Valium. Ni hatari! Mtu akilala, pumzi hupungua yenyewe. Valium inaipunguza zaidi, na lotoko vilevile. Mwuzaji anaangalia bei tu.

Na sisi wenyeji tuliopokea familia zilizokimbia vita, tunawalaza wapi? Jikoni, karibu na moto, kwa sababu nyumba imejaa. Mama anakohoa hadi jogoo wanawika, asubuhi akisinzia shambani tunamwita mvivu. Wengine wanasema amerogwa. Amerogwa na nani, kama si moshi wetu? Apewe nafasi mbali na jiko, na gunia la nguo la kuegemea ili kifua kiinuke. Na akiamka kichwa kinamuuma, maneno yake hayaeleweki, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo.