Bwana Msa Hajaunguza Wali wa Mtu

Kaskazi ikishaingia Lamu, maneno huwa yale yale. Mitihani ya kidato cha nne imekwisha, vijana wamerudi majumbani, joto halimpi mtu usingizi wa mchana. Binti akionekana kajikunja pembeni na riwaya ya upelelezi, hukumu humfikia kabla hajafunua ukurasa wa pili: anapoteza wakati. Kitabu cha dini, sawa. Kitabu cha mtihani, sawa pia. Lakini hadithi ya nani kamuua nani? Hiyo, huambiwa, ni kazi ya asiye na kazi, na nyumba yenye msomaji wa aina hiyo haikosi wali ulioungua.

Imani hii imezoeleka mno hata hakuna anayeidai ushahidi. Na idaiwe.

Wanaoishikilia wapite barazani alasiri. Dhumna zinabamizwa mezani mpaka adhana ya magharibi, miraa inatafunwa, na usiku ukiwa na mechi ya ligi ya Uingereza hakuna mwanamume anayeulizwa kwa nini hajarudi nyumbani. Huko ndani nako tamthilia ya Kituruki inafuatwa sehemu kwa sehemu, na anayethubutu kuzungumza katikati hunyamazishwa kwa jicho. Saa zinazokwenda humo hazihesabiwi na mtu. Kosa la msomaji wa riwaya, ukilichunguza, si wakati. Kosa lake ni kwamba amekaa kimya, peke yake, na hakuna ajuaye anawaza nini. Hilo ndilo linalowakera watu, hasa msomaji akiwa mwanamke.

Jikoni penyewe ushahidi ni tofauti kabisa. Katika nyumba moja ya mtaa wa Langoni, msomaji kaketi juu ya mbuzi akikuna nazi, kitabu kimeegemezwa kopo la chumvi na kubanwa kwa upawa kisijifunge. Macho yanapanda na kushuka. Ukurasa ukiisha anaugeuza kwa kifundo cha mkono, maana vidole vimejaa machicha, na bado karatasi zina madoa ya tui. Akishaupalia makaa wali wake juu na chini, kazi imebaki kwa moto; hata mpishi hodari hana la kufanya hapo ila kungoja. Huo wakati wa kungoja ndio unaosomewa. “Weka hicho kitabu, mwanangu, uje ushike kazi,” mama anaita kutoka uani, na kazi yenyewe imeshashikwa zamani.

Wapo wanaogeuza hoja: riwaya za kusisimua ni mambo ya kuja, yaliyoletwa na Wazungu. Hawa wanasahau walipozaliwa. Nakala ya Utendi wa Tambuka ya mwaka 1728, utungo wa Mwengo wa Athumani wa Pate, visiwani humu humu, ina beti zaidi ya elfu moja za vita kati ya Waislamu na Kaisari Herakli. Hakuna binadamu anayesikiliza beti elfu moja kwa adabu tu. Msikilizaji alikaa mpaka mwisho kwa sababu alitaka kujua nani ataanguka na nani atasalimika, na mtunzi alijua vizuri jinsi ya kumcheleweshea habari hiyo.

Na wale wanaowapiga mabinti kwa Utendi wa Mwana Kupona wausome tena. Ulitungwa 1858, na mwanamke mgonjwa, kwa ajili ya bintiye, na kweli umejaa mawaidha ya mume na nyumba. Lakini unaanza kwa kumtaka binti alete wino na karatasi. Hakuagizwa sufuria.

Turudi kwa upelelezi wenyewe. Muhammed Said Abdulla wa Unguja alishinda shindano la uandishi wa hadithi mwishoni mwa miaka ya 1950, na kitabu chake, Mzimu wa Watu wa Kale, kikachapishwa 1960. Mtu anauawa, mauti yanahusishwa na mzimu, na wengi wako tayari kuliachia hapo. Bwana Msa, mpelelezi wa kitabu hicho, na kiko chake mdomoni, hakubali. Anauliza nani alikuwa wapi, saa ngapi, na nani anafaidika na kifo hicho. Katika mitaa ambamo mtoto akipata homa kwanza hutafutwa aliyemtupia jicho, na sauti moja iliyosambazwa kwa WhatsApp huaminiwa kabla ya magharibi, sijui kitabu gani cha mtihani kinachofundisha kuuliza maswali hayo kwa utamu kama huu.

Anayetaka faida ya kushikika na asikilize kisa cha 1977. Mtoto mdogo wa kike aliletwa London kutoka Qatar akiwa mahututi, na madaktari hawakuujua ugonjwa. Muuguzi mmoja wa hospitali alikuwa akisoma The Pale Horse, riwaya ya Agatha Christie ya 1961. Akaona dalili za mtoto, pamoja na nywele kunyonyoka, zinafanana na za waliolishwa sumu ya thaliamu kitabuni. Akasema. Vipimo vikafanywa, sumu ikaonekana; ilikuwa dawa iliyotumika nyumbani kwao kuulia wadudu na panya. Mtoto akapona. Christie aliijua sumu kwa sababu alifanya kazi ya kutayarisha dawa hospitalini wakati wa vita vya dunia.

Si kwamba riwaya hizi zote ni njema. Jasusi Willy Gamba wa mwandishi Elvis Musiba anapiga watu wengi kuliko anavyofikiri, na wanawake wengi wa vitabu hivyo wamewekwa kama mapambo. Lakini hata Kufa na Kupona, ya 1974, inamkumbusha kijana kwamba Dar es Salaam iliwahi kuwa makao ya wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika, na kwamba wapo waliotaka kuwahujumu.

Limebaki lalamiko la damu: eti riwaya zinawatia watoto ukatili kichwani. Lamu haikuhitaji riwaya kwa hilo. Juni 2014 makumi ya watu waliuawa Mpeketoni na vijiji vya jirani, na Julai ikaja amri ya kutotoka nje usiku. Wavuvi wakazuiwa bahari ya usiku, familia zikajifungia mapema, na kila nyumba ikawa na nadharia yake ya nani alifanya. Hofu hiyo haikuwa na ukurasa wa mwisho. Katika riwaya, angalau, mwenye kosa hutajwa, na ushahidi huwekwa mezani mbele ya wote. Anayemnyang'anya mtoto kitabu hicho kwa kumlinda amwambie pia atajikinga vipi na habari anazozisikia barazani.

Basi atakayepanda basi la asubuhi kutoka Mokowe kwenda Mombasa wiki hii, akishamaliza haja zake, apite kwenye duka la vitabu aulize Mzimu wa Watu wa Kale au Kisima cha Giningi, cha mwandishi huyo huyo. Anunue nakala mbili: moja ya binti, na moja ya wale wa dhumna.