Haki na Huruma kwa Watoa Huduma Wadogo wa Intaneti



Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya chini ya bahari, EASSy na Seacom, ilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini. Mawasiliano ya intaneti yakazorota katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwa mojawapo. Katika siku kama hizo mteja hamwoni mwenye mkongo. Humwona kijana wa kampuni ndogo ya mtaani aliyemfungia waya, na hasira yote humwangukia huyo. Yafaa tujiulize haki yadai nini hapo.

Mtoa huduma mdogo hana mkongo wake. Hununua huduma kwa jumla kutoka kampuni kubwa, kisha huigawa rejareja kwa wateja wengi. Kasi iliyotajwa katika mkataba mara nyingi ni kiwango cha juu kabisa, wala si cha kila saa. Jioni, wote wanapoingia pamoja, kila mmoja hupata pungufu. Kugawana huko si kosa. Kosa ni kuwauzia watu kupita kiasi na kuwaficha. Kwa hiyo mwenye kampuni awajibika kusema kweli kabla ya kupokea fedha. Tena, huduma ikikosekana siku kadhaa, awaongezee wateja siku hizo bila kungoja walalamike. Hiyo si sadaka, bali ni haki yao.

Lakini haki peke yake haitoshi. Mtambo waweza kuikatia huduma zahanati iliyochelewa kulipa siku mbili, wala usiulize sababu. Binadamu aweza kuuliza. Katika Mathayo sura ya 18 twasoma juu ya mtumwa aliyesamehewa talanta elfu kumi, akaenda kumkaba mwenzake kwa ajili ya dinari mia. Mwenye kampuni aliyewahi kuomba muda kwa wanaomdai na akumbuke hilo.

Wapo wasemao kwamba huruma itaua biashara ndogo. Twajibu kwamba kinachoiua ni huruma inayotumiwa vibaya. Mteja mwenye uwezo anayechelewesha malipo kwa makusudi humcheleweshea fundi mshahara wake, na ujira wa haki ni jambo ambalo Papa Leo XIII alilitetea katika Rerum Novarum mwaka 1891. Zaidi ya hayo, humfunga mwenye kampuni moyo, hata maskini wa kweli atakapokuja asisikilizwe. Naye anayemtukana mpokea simu haungi mkongo uliokatika. Amwonea tu asiye na kosa.

Twaziomba Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo zilizungumze jambo hili. Mwenye kampuni aandike mkataba wa kweli na aweke siku chache za kumsubiri aliyekwama. Mteja naye alipe kwa wakati, na akishindwa aende kueleza mapema, kwa adabu. Hapo jirani hatakuwa adui kwa sababu ya waya uliokatika mbali.